Njia ya miguu ikishaonja tairi

Ukikuta mchoro wa upimaji umebandikwa kwenye ofisi ya mtaa au ya kijiji, usianze kwa kutafuta kiwanja chako. Itafute kwanza njia unayopita kila siku kwenda bombani, shuleni au kituo cha daladala. Panapopita njia kati ya kiwanja na kiwanja, mchoro unatakiwa uonyeshe mistari miwili na nafasi tupu katikati. Ukiona mstari mmoja tu, njia hiyo imeshakufa kwenye karatasi, hata kama asubuhi hii umepita hapo na ndoo kichwani.

Hutokea hivyo bila mtu yeyote kuiba. Mpima anakuja na kifaa chake cha setilaiti, kila mwenye eneo anamwonyesha anapoishia. Wa juu anasema "mimi naishia njiani", wa chini naye anasema hivyohivyo, na kwa kuwa hakuna aliyekuja kuisemea njia yenyewe, pointi za wote wawili zinachukuliwa katikati ya kichochoro. Kule ofisini mipaka inaunganishwa ili kusibaki mwanya. Baada ya miaka miwili mitatu hati zinatoka, mmoja anainua ukuta juu ya bikoni yake, yaani alama ya mpaka, na akiulizwa anatoa karatasi. Kwa upande wake hana kosa analoliona. Kosa lilifanyika siku ile mchoro ulipobandikwa na kila mmoja akasoma jina lake tu na kuondoka.

Lakini kuzibwa kwa njia ni nusu ya tatizo, na ndiyo nusu rahisi. Ugomvi wa njia hapa Moshi, kuanzia Pasua na Njoro mjini mpaka Kibosho, Uru na Old Moshi huko juu, mara nyingi unajadiliwa kwa swali lisilo lake. Kikao kinaitwa kuamua kama njia ipo, wakati wote waliokaa kwenye mabenchi wanajua ipo. Wengine wameipita kuja kikaoni. Kinachogombaniwa ni nani aipite na apite na nini: miguu, ng'ombe wa kamba, toroli, bodaboda, Noah au lori la mchanga. Jibu la hilo haliandikwi popote, ndiyo maana shauri lilelile linarudi kwa mwenyekiti mara ya tatu likiwa na watu walewale.

Njia za vihambani, kwenye mashamba ya ukoo yanayozunguka nyumba za Wachagga, zilikuwa na kipimo chake, ingawa hakikuandikwa. Zilipimwa kwa mizigo. Mzigo wa majani ya ng'ombe ukiwa kichwani, umelala kwa upana, unakaribia mita moja na nusu, kwa hiyo ua wa pande zote mbili ulipaswa kufyekwa mpaka usawa wa kichwa, siyo kiunoni tu. Jeneza la mtu mzima lina upana wa kama sentimita 60 hadi 70 mabegani. Wabebaji wakilishika kwa mikono kulia na kushoto, wanahitaji kama mita 1.6. Hilo si jambo dogo mahali ambapo watu huzikwa kihambani kwao. Njia ikibaki mita 1.2, jeneza linapandishwa mabegani, na kwenye mteremko wa matope wakati wa masika hapo ndipo mtu anateleza. Ng'ombe wa kamba na mbuzi wawili walipita humohumo. Kwa hiyo kama mita mbili zilitosha kila aliyekuwa na haki ya kupita, na gari halikuwamo kwenye hesabu.

Mita mbili hizo zinaliwa taratibu, na mara nyingi na masale, mmea unaopandwa kuwa ua wa mpaka. Masale hayahitaji malezi: ukikata kipande cha urefu wa mkono ukakichomeka mvua zikiwa zimeanza, kinashika. Anayefyeka ua wake akatupa vipande upande wa njiani, miaka miwili baadaye ana mstari mpya wa masale sentimita 30 mbele ya ule wa zamani, pengine bila hata kukusudia. Jirani wa ng'ambo naye akifanya hivyo mara moja tu, mita 2 zimekuwa 1.4. Ni mmea uleule ambao Mchagga huupeleka kuomba radhi. Ukitaka kujua mpaka wa zamani uko wapi, usiangalie majani. Angalia mashina: yale manene, yaliyopinda na kuota magamba ndiyo ya kwanza, na mara nyingi utayakuta ndani, nyuma ya mstari unaoonekana leo. Mbele ya baraza, mashina hayo yana uzito kuliko kauli ya mzee mmoja, hasa kama mzee mwenyewe ni shemeji wa mlalamikaji.

Kisha ikaja bodaboda. Pikipiki ina upana wa kama sentimita 80 kwenye usukani, inaingia popote anapoingia mtu, na kwa mgonjwa au mama mjamzito wa huko juu ndiyo gari la wagonjwa lenyewe. Hakuna mwenyekiti mwenye akili atakayeipiga marufuku kabisa. Tatizo liko kwenye udongo na maji. Njia nyingi za Kilimanjaro zinashuka moja kwa moja na mteremko. Mguu unakanyaga hapa na pale. Tairi linarudi kwenye mstari mmoja na kuchimba mfereji. Mvua ikinyesha, maji yanaacha kusambaa na kufuata mfereji huo. Misimu michache inatosha kuifanya njia ishuke nusu mita chini ya vihamba vya pembeni. Kingo zinabomoka, masale yanaanguka, na mwenye kihamba anasogeza ua wake ndani au, mara nyingi zaidi, anarundika mawe kwenye kingo mpaka njia inabanwa. Halafu anashtakiwa kwa kuziba njia. Huyo hakuziba, alijikinga na maji yaliyoletwa na tairi lisilo lake.

Dawa ya hapo inajulikana, ila haifanywi. Ni matuta ya kukinga maji, ya mawe au magogo, yaliyolazwa kwa mshazari na siyo kukata njia moja kwa moja, kimo cha kama sentimita 15, kila baada ya mita 10 kwenye mteremko mkali na 20 pakiwa tambarare kidogo. Kazi ya msaragambo, kazi ya pamoja ya wanakijiji, wa siku moja. Ugumu ni mdomo wa tuta: maji yatoke yaelekee kwa nani? Kuna anayeyataka kwa ajili ya migomba yake, na kuna ambaye jiko lake liko hapo chini. Usipoafikiana naye kabla ya kuchimba, tuta litavunjwa usiku wa mvua ya kwanza, na kwa haki.

Desemba ndiyo mwezi wa gari. Watoto wa nyumbani wanarudi kutoka Dar es Salaam, Mwanza na Nairobi, na kila mwenye gari anataka lilale uani kwao, siyo barabarani. Mmoja analeta vijana wenye mapanga, masale ya upande mmoja yanafyekwa kwa mita 60, mikahawa miwili ya bibi wa jirani inaondoka, na jioni gari linapita. Januari anarudi mjini. Njia inabaki na upana wa mita 2.6, na mwaka unaofuata lori la tofali linapita kwa hoja kwamba "hapa gari huwa zinapita". Watu wengi wanaona hayo ni maendeleo. Mimi naona ni kumchukulia mtu ardhi bila kumlipa, na sheria haiko mbali na mtazamo huo.

Sheria ya Ardhi Na. 4 ya mwaka 1999, iliyoanza kutumika Mei 2001, inagawa haki za njia kwa umma katika mafungu mawili ambayo mitaani yanachanganywa kila siku. Fungu la kwanza ni njia ya huduma: serikali, halmashauri au shirika linapewa haki ya kupitisha nguzo, nyaya, bomba au mtaro juu ya ardhi ya mtu. Fungu la pili ni njia ya umma kupita. Kuwepo kwa la kwanza hakuleti la pili. Nyaya za umeme zikipita juu ya shamba lako hujawapa wapita njia ruhusa ya kulikata shamba hilo. Waliopewa ruhusa ni mafundi wa umeme, kwa kazi yao. Kinyume chake pia ni kweli: njia ikiwa ya umma, mtu binafsi hawezi kuichimba apitishe bomba lake kwa sababu tu "njia ni ya wote". Haki hizi zikishawekwa zinaifuata ardhi, si mtu: anayenunua anazinunua pamoja na kiwanja. Na njia ya umma ikianzishwa upya juu ya ardhi ya mtu, kuna fidia. Vikao vya kitongoji vinavyopitisha "upanuzi wa njia" kwa kupiga makofi huwa vinaruka ukurasa huo.

Pembeni ya mafungu hayo kuna haki ya tatu, ambayo si ya umma kabisa: haki ya kiwanja kimoja kupita juu ya kingine. Baba akigawa kihamba kwa wanawe watatu, wa chini hana pa kutokea ila kwa kaka zake. Haki hiyo ni ya kile kiwanja cha chini, na wageni wake, mafundi wake na daktari wake wa mifugo wanaingia humo. Mtu wa mtaa wa pili anayekata njia ili afike sokoni haraka hayumo. Ndugu wakiwa hai hili halisumbui. Kiwanja cha katikati kikiuzwa kwa mtu baki ndipo inajulikana kwamba baba aligawa ardhi bila kugawa njia. Aliyefungiwa kabisa anaweza kuomba amri ya mahakama ya kupita juu ya ardhi ya jirani, ila amri ya namna hiyo hulenga kumtoa kifungoni, haimhakikishii njia ya gari.

Mfongo nao una njia yake. Mifereji hii ya umwagiliaji ni ya zamani kuliko hati zote, na kandokando yake kuna ukanda wa mguu mmoja au miwili wa kupita wanaosafisha na wanaofungulia maji kwa zamu. Ukanda huo ni wa wanamfongo siku ya kazi. Umegeuzwa kichochoro cha kila mtu kwa sababu ni tambarare na una kivuli, na anayeweka seng'enge kuzuia wapita njia anajikuta amewazuia pia wenye maji. Suluhisho ni geti dogo lisilofungwa kwa kufuli. Mtu mzito wa kulifungua halitumii kama njia ya mkato. Mwenye jembe na zamu yake analifungua.

Kwa barabara kubwa mambo yako wazi zaidi, hata kama yanauma. Kanuni za mwaka 2009 zilizotungwa chini ya Sheria ya Barabara ya 2007 ziliongeza hifadhi ya barabara kuu na za mkoa kutoka mita 22.5 hadi 30 kila upande, kuanzia katikati ya barabara. Ndiyo chanzo cha zile alama za X kwenye kuta za nyumba: nyekundu kwa aliyejenga ndani ya hifadhi ya zamani, ya kijani kwa aliyekutwa na zile mita 7.5 za nyongeza, ambaye anastahili fidia ardhi yake itakapohitajika. Barabara za wilaya na za mitaa ziko chini ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, tangu 2017. Reli ina hifadhi yake, mita 15 kila upande mijini na 30 nje ya miji, na ilivyokaa miaka bila treni ya abiria watu wa Moshi waliifanya njia ya miguu na sehemu ya kuanikia. Desemba 2019 treni ya kutoka Dar es Salaam ikarudi, na mwaka uliofuata ikafika Arusha. Kupita mahali kwa miaka mingi kwa sababu mwenye mahali alinyamaza si sawa na kupewa njia.

Kinachobaki bila mwenyewe ni kile kichochoro cha mita mbili. Ni kidogo mno kwa TARURA, ni kikubwa mno kwa jirani mmoja. Kwa kawaida hakimo kwenye orodha ya barabara wala kwenye hati ya mtu. Uingereza walishakutana na jambo hili, na sheria yao ya mwaka 1949 ilizitaka halmashauri za England na Wales zichore ramani rasmi ya njia zote za umma. Jambo la kuiga hapo si ramani, ni rangi zake: njia ziko katika madaraja manne. Kuna ya miguu tu. Kuna ya miguu na farasi, ambayo tangu 1968 baiskeli zimeruhusiwa kwa sharti la kuwapisha wengine. Kuna ya vyombo visivyo na injini. Na kuna ya vyombo vyote. Hata mkulima anajua upana wa chini wa kuacha. Njia ya miguu inayokatisha katikati ya shamba lililolimwa iachwe angalau mita 1, ya farasi mita 2. Kwa hiyo mkulima wa kule akibishana na mwendesha pikipiki, hawabishani kama njia ipo. Wanafungua ramani na kuangalia daraja.

Hapa kwetu daraja la njia linaweza kuwekwa na kijiji chenyewe. Mkutano Mkuu wa Kijiji, ambao unatakiwa kukaa kila baada ya miezi mitatu, unaweza kujadili sheria ndogo ya njia, halmashauri ya wilaya ikaipitisha, na hapo faini ina mguu wa kusimamia. Mjini kazi hiyo ni ya manispaa, mtaa unapendekeza. Ila sheria ndogo bila kizuizi chochote njiani ni karatasi, na kizuizi nacho kina hesabu yake. Nguzo mbili za zege zilizozikwa sentimita 60 na kuachiana nafasi ya sentimita 90 zinazuia gari, zinazuia bajaji yenye mita 1.3, na zinampisha mwenye kiti cha magurudumu na toroli. Nguzo hizo haziizuii bodaboda. Ukisogeza nguzo mpaka pikipiki ishindwe, umemfungia mlemavu kwanza. Ukiweka ngazi, umemfungia yeye, mkokoteni na bibi mwenye magoti. Kwa maneno mengine gari huzuiwa kwa nguzo, bodaboda huzuiwa kwa makubaliano na kijiwe chao, na anayekwambia fundi wake ana geti la kuwatenganisha wote hajalipima. Nguzo moja iwe ya kung'oka, ikae kwenye bomba la chuma lililozikwa, na ufunguo wake ukae nyumba mbili tofauti, kwa ajili ya mgonjwa, moto na msiba. Halafu kumbuka kwamba gari la zimamoto lina kama mita 2.5, njia ya mita mbili halipiti hata nguzo ziking'olewa, kwa hiyo mjini, kwenye nyumba zilizobanana, ni heri mpango wa urasimishaji wa makazi ukae na wenye viwanja wakatoe nusu mita kila upande wakati bado kuna ua, siyo ukuta.

Njia ikizibwa leo, kosa la kwanza ni kuuvunja ukuta. Hapo mlalamikaji anageuka mshtakiwa wa kuharibu mali, na shauri la njia linasahaulika. Pima kwanza upana sehemu tatu, mwanzo, katikati na mwisho, piga picha tepu ikiwa imelala chini inasomeka. Kisha tafuta hati za mauziano, siyo zako tu, na za majirani. Hati za kienyeji karibu zote zinataja mipaka minne: mashariki anapakana na fulani, magharibi na fulani, kusini "njia". Neno hilo moja, kwenye karatasi ya mwaka wa zamani yenye mhuri wa kijiji, linashinda mashahidi sita. Likionekana kwenye hati ya yule aliyeziba, au ya aliyemuuzia, kazi imekaribia kwisha.

Mashahidi watoke familia tofauti, na awepo angalau mmoja ambaye haitumii njia hiyo. Barua iende kwa mwenyekiti wa kitongoji na nakala kwa mtendaji, ipokelewe kwa mhuri na tarehe. Kijijini kuna Baraza la Ardhi la Kijiji lenye wajumbe saba, watatu kati yao wanawake. Baraza la Kata, tangu marekebisho ya 2021, kazi yake ni kusuluhisha tu. Likishindwa linatoa cheti, na siku 30 zikipita bila suluhu unaweza kwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya hata bila cheti hicho. Wengi wanaanguka hapa: wanakwenda wilayani moja kwa moja, shauri linaondolewa kwa kuruka hatua, na wakati wanarudi kuanza upya ukuta umeshapigwa plasta. Kama unayemlalamikia ni halmashauri ya kijiji yenyewe, kuna notisi ya siku 90 kabla ya kufungua shauri, nayo uihesabu. Njia isiachwe iote majani katika kipindi chote hicho. Baraza likija kuangalia eneo na kukuta nyasi za kiunoni, mdaiwa hana haja ya kusema neno.

Lakini mashauri hayo yote ni gharama ya aya moja ambayo haikuandikwa. Muhtasari wa kikao ungetosha kusema hivi: njia inaanzia kwenye mwembe wa zahanati hadi daraja la mfongo, mita 310; upana mita 2 kutoka shina hadi shina, si jani hadi jani; ni ya miguu, toroli, kiti cha magurudumu na mifugo ya kamba; bodaboda ipite kwa mwendo wa mguu na isipite mvua ikinyesha; gari lisipite, isipokuwa la mgonjwa au msiba; mwenye ua afyeke kila baada ya masika na mabaki ayatupe ndani kwake. Wasaini wote wanaopakana, pamoja na wake zao na wajane. Nakala moja ibaki kwa mtendaji, ya pili kwa mwenyekiti, ya tatu kwa mzee wa mfongo, na ya nne akae nayo mtu ambaye njia hiyo haipiti kwake.